Mkono Juu

Dirisha namba nne. Binti mwenye miwani
anafungua mdomo, anaufunga.
Umbo la neno hilo nimeshalijua:
midomo inachongoka kama ya mtu anayepuliza uji,
kisha inafumuka.
Njoo. Njoo Jumatatu.

Jumatatu nilikuja, mwanangu.
Nilitoka Handali jogoo hajawika,
au aliwika, mimi nitajuaje?

Nimeleta kitambulisho cha mgambo, kona moja imeliwa na mchwa.
Nimeleta barua ya mtendaji, muhuri umekosa wino.
Nimeleta picha: sisi watano na mzinga,
ng'ambo ya Mutukula, mashati yamelowa.
Huyu anayecheka ni Chidumizi Mlewa.
Alikuwa anauliza nani kabeba chumvi.
Ndilo neno la mwisho lililoniingia zima:
chumvi.
Halafu mzinga ukasema,
na ulipomaliza kusema haukunyamaza.

Fomu inauliza: Jeraha liko wapi?
Niliandika: ndani.
Fomu inauliza: Linaonekana?
Mwenzangu wa foleni, Sajini Kanuti, ana mguu wa mbao.
Aliupigisha sakafuni mara moja tu,
nikaona vumbi linaruka, wakampa kiti.
Mimi nina masikio mawili, mapana, ya babu yangu.
Kila mtu anayaona yapo.

Mwezi wa nane mkanituma hospitali.
Wakanifungia kwenye kijumba, kidogo kama kihenge,
wakanivalisha vikombe viwili.
Kijana akaniandikia:
Mzee, ukisikia mlio, nyoosha mkono.
Nikanyoosha.
Nikangoja aniambie basi. Hakuniambia.
Mkono ukachoka, nikaushikilia kwa mwenzake,
maana mlio ulikuwapo, mwembamba,
filimbi ya treni inayoingia stesheni ya Dodoma
na haifiki,
haifiki tangu mwaka sabini na tisa.
Kijana akafungua mlango, akaandika tena:
Mzee, bado sijawasha mashine.

Kwenye cheti wameweka: Majibu hayaaminiki.

Kwetu wanasema Ndahani ana kiburi.
Mtu anapita nyuma yangu shambani: Mbukwenyi!
Mimi nimeinamia karanga.
Anasimama, anarudia: Mbukwenyi!
Akifika kilabuni ananimaliza.
Kijana aliyetaka kumwoa Nyendo wangu alinisalimu mara tatu;
ya nne hakungoja, akaswaga ng'ombe wake kurudi Mlowa.
Nyendo hakunilaumu.
Au alinilaumu.

Zeze langu siliuzi, waliniuliza bei.
Nalipiga nimeliuma ukingo,
sauti inapanda kwa meno, inapita taya,
inafika mahali fulani nyuma ya macho.
Mbeleje, mke wangu, anakaa mbele yangu
ananielekeza kwa kidole: kaza. Kaza.
Basi.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuja kwa ajili ya fedha.
Hapana, fedha nataka, nisikudanganye, bati linavuja,
lakini kwanza nishani.
Kile kichuma, na utepe wake.
Wengine watavaa kifuani siku ya sherehe.
Mimi nitaishonea mgongoni, kwenye shati la kulimia,
upande watu wanakotokea,
ili anayenisalimu aisome kabla hajakasirika.

Na nyingine ya Chidumizi, kama zimebaki.
Aliinuka kwenda kuitafuta ile chumvi.

Binti anavua miwani. Anaifuta. Anaivaa.
Anafungua mdomo, safari hii taratibu,
mkubwa, kama anayemfundisha mtoto kusema,
na nyuma yangu foleni inacheka, au inanung'unika,
naona kivuli cha mabega yao kwenye kioo.
Nadhani ananiuliza kama nimeelewa.

Nanyoosha mkono.